Polishi Juu ya Jasho

Alama za vidole zilikuwa zimerudi.

Dobi alisimama sebuleni, ndoo mkononi, akilitazama gitaa la besi la marehemu mwanawe lililotundikwa ukutani. Jioni iliyopita alilipaka polishi, akalisugua kwa kitambaa laini mpaka likang'aa kama sufuria mpya. Asubuhi hii, nyuma ya shingo ya gitaa kulikuwa na alama ya dole gumba, mbichi, imelowa. Mbele, juu ya nyuzi, vidole vinne. Aligusa kwa ncha ya kidole, akanusa. Jasho.

"Chiriku," aliita. "Umeshika gitaa la kaka yako?"

"Mimi? Hata uso sijanawa, mama. Labda panya. Labda panya anajifunza muziki, maana nyumba hii kila mtu ana kipaji isipokuwa wewe."

Bintiye walimwita Chiriku kwa sababu alianza kusema kabla ya kutambaa na tangu hapo hakuwahi kupumzika. Dobi alifuta alama kwa upindo wa gauni, akaenda kazini. Mtu anayefua mashuka ya hoteli nzima hana nafasi ya kubishana na ukuta.

Mwanawe alifia barabarani, akitoka kupiga muziki kwenye harusi. Yeye alipanda gari la wapigaji, gitaa likapanda gari la vyombo. Gitaa lilirudi bila mkwaruzo. Likakaa uvunguni ndani ya mfuko wake mpaka dobi alipolitoa na kuona nyuzi zimeanza kushika kutu, ndipo akaenda kutafuta kitu cha kulitunzia.

Duka la vyombo vya muziki lilikuwa kichochoroni nyuma ya benki. Muuzaji, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alimpangia chupa tatu mezani.

"Kwanza, mama, usije ukalipaka polishi ya makabati. Ile ina silikoni, siku ukitaka kulipiga rangi upya, rangi haishiki. Sasa, hii ni ya kusafisha. Inatoa mafuta, jasho, kila kitu. Hii ni mafuta ya limau, ya ule ubao wa shingoni vidole vinapopita. Na hii ni nta. Inang'arisha na inalinda."

"Inalinda nini?"

"Kilichopo."

"Nipe hiyo."

"Sawa, lakini ya kusafisha ndiyo inayotangulia. Ukipaka nta juu ya uchafu..."

"Baba, nimeanza kufua wewe hujazaliwa. Nipe hiyo."

Na ni kweli alijua. Kazini yeye ndiye aliyewafokea wasichana wapya: ukipiga pasi juu ya doa umelifungisha ndoa na shuka, hata jiki haitatoa talaka. Alijua, akafanya kusudi. Juu ya sumaku za gitaa, zile zinazonasa mlio chini ya nyuzi, mahali mwanawe alipozoea kuegemeza dole gumba, vanishi ilikuwa imelika pakawa na kibonyeo kidogo, cheusi kwa jasho la miaka. Shingo nayo ilikuwa nyeusi hivyohivyo. Nguo zake zilishagawiwa. Godoro lilishachukuliwa. Jasho lile ndilo lililobaki la mwili wake juu ya ardhi, na dobi alilipaka nta taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka asimwamshe.

Baada ya alama ikaja sauti. Haikuanzia masikioni, ilianzia nyayoni. Dobi alikuwa jikoni anamenya viazi aliposikia sakafu ikinguruma, na vijiko vikatetemeka ndani ya glasi. Alidhani ni lori. Alipochungulia sebuleni, uzi mnene kuliko wote ulikuwa bado unatikisika, na gitaa halikuwa limeunganishwa na spika wala na chochote. Kisha ikaja harufu, ya shati lililovuliwa likiwa bichi kwa jasho likasahauliwa ndani ya mfuko. Mikononi mwake zimepita nguo za maelfu ya watu, lakini harufu ile angeitambua hata kaburini.

Siku za mwanzo hakuogopa, na hapo ndipo lilipokuwa kosa. Alichemsha chai, akavuta kiti, akasikiliza. Gitaa lilipiga ile mistari ya mwanawe ya kupasha vidole moto, mitatu, wa nne likikosea palepale alipozoea kukosea. Mumewe aliendesha malori ya safari ndefu na hakuwepo. Hakumwambia mtu. Mtu aliyeokota chakula wakati wa njaa haulizi kimeangushwa na nani.

Ila Chiriku alianza kunyamaza.

Mwanzoni dobi alishukuru, akasema mtoto anakua. Halafu salamu zikapungua, vichekesho vikakauka, majibu yakawa ya kutikisa kichwa. Akitoka shule alikaa chini ya gitaa na madaftari hayafunguliwi. Mwalimu wake akatuma ujumbe kuuliza kama binti anaumwa koo. Mezani dobi aliona kidole kidogo cha mkono wa kushoto wa Chiriku kimesimama peke yake, hakikunjiki, kama kile cha kaka yake alichovunja utotoni kwenye mlango.

"Hicho kidole kina nini?"

Chiriku alikitazama kama kitu cha jirani.

Jioni moja umeme ulikatika. Dobi alirudi na kukuta nyumba giza, mlango wazi, harufu imejaa mpaka barazani, akaita mara moja, hakuna jibu, akapapasa ukuta wa korido huku mngurumo ukimpanda kutoka kwenye visigino mpaka kwenye meno, akafika sebuleni akawasha tochi ya simu, na kwenye mduara ule wa mwanga akamwona bintiye ameketi, gitaa mapajani, vidole vyake vidogo vikitembea kwenye shingo ya gitaa kwa ustadi ambao hakuna aliyemfundisha, ngozi ya ncha zake imepasuka na damu inatiririka juu ya nta bila kuacha tone, kwa sababu kila tone lilipoanguka mbao zililinywa, na Chiriku, macho wazi, akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, tabasamu ambalo dobi alilizika kwa mikono yake.

"Mwanangu," alinong'ona, na hakujua anamwita yupi.

Alimnyang'anya gitaa. Lilikuwa na joto la mtu mwenye homa.

Asubuhi alimpigia dada wa mumewe. Huyo watu walimjua kwa kutoa majini, kazi aliyoirithi kwa bibi yake pamoja na miguu mibovu. Alifika kabla ya saa sita, akakaa, akanusa hewa, akalitazama gitaa kwa muda mrefu.

"Wifi," alisema kwa sauti ya chini, "hiki kitu kimekaa hapa tangu lini?"

"Tangu nilipolisafisha."

"Hukulisafisha. Usafi wako naujua, tangu uolewe unatunyanyasa na sabuni zako." Kisha akaacha mzaha. "Uliacha nini humo?"

Dobi aliinamisha kichwa. "Jasho lake."

"Ukalifungia na nta."

"Nilitaka likae."

"Limekaa, na limepata mgeni. Kuna majini hayana sura, wifi, hayana hata jina. Yanatafuta mabaki ya mtu, jasho, nywele, yanakula, na yakishakula yanatembea kama yeye. Lilikuta chakula kimehifadhiwa vizuri. Sasa cha marehemu kinaisha, limehamia kwa mwenzake."

"Lakini linapiga kama yeye. Hata kosa lake linakosea."

"Mwizi akivaa koti la mumeo, utamtandikia kitanda?"

Chumbani Chiriku alikuwa amelala, kidole kimesimama.

"Utalifuta," alisema wifi. "Wewe uliyelipaka. Shingo kwanza, maana ndiko lilikomshikia mtoto, kisha nyuzi, kisha mwili wote. Mimi nitamshika Chiriku na kusoma ninayoyajua. Lisibaki doa hata moja. Na likikuita, usijibu."

Dobi alirudi kwa yule muuzaji mnene akanunua chupa ya kusafishia. Hakuulizwa kitu, labda kwa jinsi alivyokuwa ameshika kaunta.

Walianza alasiri, madirisha wazi. Wifi aliketi sakafuni akimkumbatia Chiriku kwa nyuma, midomo yake ikitembea bila sauti. Dobi alilaza gitaa juu ya meza ya kulia, akamimina dawa kwenye kitambaa cheupe, akaanza shingoni. Kitambaa kikageuka cheusi. Akakunja, akafuta tena, cheusi. Gitaa likaanza kunguruma. Chiriku akajinyonganyonga mikononi mwa shangazi yake, akatoa sauti ya kina, nzito, isiyotoka kwenye kifua cha msichana.

"Fanya kazi, wifi. Usitazame huku."

Alifanya kazi. Hakuna kitu alichokijua zaidi ya kufuta. Alifuta kati ya kila chuma na chuma cha shingoni, akatumia kucha, akatumia njiti ya kiberiti, na mbao zilipotokea chini ya weusi, za kahawia, ngeni kabisa, mngurumo ukapanda mpaka kioo cha kabati kikapasuka, kisha ukakatika ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo. Harufu ikayumba, ikatoka dirishani. Dobi hakusimama. Akafuta nyuzi, akafuta mgongo, akafuta tumbo la gitaa, pole pole, kitambaa baada ya kitambaa, mpaka pakabaki pale juu ya sumaku, kile kibonyeo cha dole gumba.

Mkono ukasita. Palikuwa padogo kama ukucha.

"Mama," sauti ilisema, karibu kabisa na sikio lake. Haikuwa nzito. Ilikuwa ya mtu aliyechoka, anayerudi nyumbani alfajiri na hataki kuamsha watu. "Mama, hapo paache."

Wifi naye alisikia, maana alikaza macho na kutikisa kichwa. Machozi yalimshuka dobi mpaka mezani. Hakujibu. Alikunja kitambaa, akatafuta upande safi, akabonyeza, akazungusha, akafuta mpaka pakawa peupe.

Walilirudisha gitaa ukutani, wakachoma vitambaa uani. Moshi ulikuwa moshi tu.

Chiriku aliamka magharibi, akadai chakula, na alipokiona akalalamika kwamba chumvi imezidi. Wifi alicheka hadi akashika mbavu, akabeba pochi yake, akaaga. Mlangoni alimshika dobi bega, akasema, "Umemwokoa aliye hai. Hilo litoshe." Dobi akaitikia.

Baadaye walibaki wawili mezani. Chiriku alikuwa akisema mfululizo, mdomo umejaa, maneno yote ya majuma yale yakimtoka kwa mkupuo: mwalimu, rafiki yake aliyekata nywele vibaya, kidole chake kinachouma.

"Na unajua mama, lile dude lilivyotoka nililihisi kabisa. Kama mtu anakuvua glavu. Ulikuwa bado unafuta shingoni, kile kioo kikapasuka, puu, likaenda zake. Mkono wangu ukawa mwepesi. Nilitaka kuwaambia ila nilikuwa nimechoka, nikawa nakutazama tu unavyosugua. Nikasema moyoni, huyu naye, kitu kimeshaondoka bado anasugua nini?"

Kijiko cha dobi kilisimama njiani.

"Lilitoka nikiwa shingoni," alisema.

"Ndiyo. Baada ya hapo hapakuwa na kitu kibaya humu ndani. Palikuwa na amani. Kwani kuna nini, mama?"

"Hakuna. Kula, kinapoa."

Binti alipokwenda kulala, dobi alilitoa gitaa ukutani akalipakata. Hakuwahi kulishika hivyo. Akatafuta mahali pale juu ya sumaku, akaegemeza dole gumba lake kwenye kibonyeo, akasubiri, huku akisema kwa sauti ndogo, "Sema tena. Nimeacha kufuta, mwanangu. Sema tena."

Palikuwa safi. Hapakushika hata alama yake mwenyewe.