Sabuni Tisini na Moja

Walikutana duka la jumla mchana, wateja wamejaa kama siafu. Binti yangu, gauni la njano, daftari kwapani, akamkanyaga mpanga sabuni, kijana mrefu aliyenukia limau.

“Samahani, kaka.”

“Kanyaga tena, mrembo. Unasoma nini?”

“Namba tasa. Nina usaili wa chuo cha ualimu. Mwaka huu nikikosa, umri wao wa kupokea wanafunzi utakuwa umenipita.”

“Mbona rahisi!” Akapanga sabuni kumi na mbili, safu tatu za nne. “Hii inagawanyika sawasawa, si tasa.” Akatoa moja. Kumi na moja zikakataa kila mpango, isipokuwa mstari mmoja mrefu. “Hiyo ndiyo tasa, mama.”

Moyo wa mwanangu ukaenda hapo hapo. Ikawa simu asubuhi, simu jioni.

“Mwalimu wangu, tisini na moja je?”

Kijana akajaribu safu za mbili, ikabaki moja. Za tatu, moja. Za tano, moja. Hakujua aendelee hadi wapi, na kumwambia mpenzi “sijui” kukamshinda.

“Tasa hiyo, kipenzi! Andika.”

Kwenye usaili wakamwambia ataje namba tasa yoyote kati ya tisini na mia. Akajibu bila kusita, “Tisini na moja.” Mzee wa miwani akaandika ubaoni: saba mara kumi na tatu. Wakamwita mwingine.

Siku tatu mwanangu hakula. Ya nne akapokea simu.

“Uliishia safu za ngapi?”

“Tano.”

“Kumi mara kumi ni mia, imeshapita tisini na moja, kwa hiyo hukuhitaji kufika safu za kumi. Ilibaki saba tu kujaribu. Saba tu!”

“Niliogopa utaniona mbumbumbu.”

“Ningekupenda na ubumbumbu wako!”

Akaja na pete, shati limenyooshwa, macho mekundu. “Tuoane, tuanze upya.”

“Tutaishije? Kila utakaloniambia, nitakwenda kumuuliza jirani kama ni kweli.”

Akasimama mlangoni hadi nikamwambia, “Nenda, baba.” Nikafunga mlango mwenyewe, polepole, maana nami nilishamwita mkwe.

Wanangu mnaosoma, anayekupenda akisema “najua”, mpende, lakini jaribu mwenyewe. Na wewe usiyejua, sema, hata kama sauti itakukauka. Wangu yuko chumbani, simu kifuani. Kupiga hataki, na kijana naye hapigi.