Kopo la Unga wa Magoti

Kila siku saa kumi, akitoka shuleni, Khadidja alitoa kiti cha bibi yake uani, akakiweka kivulini, na hapo mabishano yakaanza. Bibi Fatouma alipaswa kunyoosha mguu, kuuinua na kuushikilia mpaka hesabu ya kumi, kisha mguu wa pili. Ndivyo alivyoagiza Rénovat, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, baada ya picha ya eksirei kuonyesha kwamba gegedu, ule mto laini unaozuia mifupa ya goti kusagana, lilikuwa limelika.

Bibi hakukosa sababu. Mara kiti kigumu, mara maharage yataungua, mara amemkumbuka jamaa wa Rumonge ambaye lazima apigiwe simu sasa hivi. Hesabu ikifika tatu, alidai ni kumi. Wakati huo Khadidja alisikia rafiki zake wakidundisha mpira wa kikapu mtaa wa pili. Alikuwa amechoka mpaka basi.

Ndipo jirani yao, Mama Sephora, alipoanza kuuza unga wa kolajeni, protini itokanayo na ngozi na mifupa ya wanyama au samaki, akisema unalisha magoti kutoka ndani. Bibi alinunua kopo, na siku hiyohiyo akatangaza kwamba mazoezi yamekwisha. Khadidja hakubisha. Alikimbilia mpirani.

Kopo la pili lilikuja na rangi nyingine. Bibi hakujua kusoma, tena maandishi yalikuwa ya Kifaransa, basi akamwomba mjukuu wake amsomee ni vijiko vingapi na unga umetokana na nini. Khadidja akasoma maandishi madogo, akayarudia. Yalisema unga umetokana na ngozi ya nguruwe. Nyumba yao pale mtaani Buyenzi ilikuwa ya Waislamu tangu enzi za babu wa babu yake. Akisema ukweli, kopo litatupwa na kiti kitarudi uani.

"Vijiko viwili," akasema. "Umetokana na samaki."

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Kila asubuhi Bibi alisema Bismillahi, akanywa, na Khadidja akageuza uso. Tena magoti hayakupona. Kwa kuwa hakufanya mazoezi, Bibi alizidi kukakamaa, akawa anaswali akiwa ameketi. Mpira nao haukumnogea Khadidja.

Siku ya kumi alimkuta Bibi akichota unga na kuutia katika bahasha. Alisema ni wa kaka yake, Mzee Massoudi, ambaye naye alilalamika magoti.

"Bibi, usimpe," Khadidja akasema. "Si samaki. Ni nguruwe. Nilisoma, nikakudanganya."

Bibi aliweka kijiko chini. Alikwenda bombani polepole, akasukutua mdomo mara tatu, akarudi na kuuliza kwa nini. Khadidja akaeleza yote: kiti, maharage, simu za Rumonge, mpira. Alieleza huku akilia, lakini hakuficha kitu.

Mama Sephora alipoitwa, aliona aibu sana. Yeye mwenyewe hakuwahi kusoma maandishi yale, akalichukua kopo na kuomba radhi. Jioni Rénovat naye akapita. Alisema wapo wanaoona kolajeni inawapunguzia maumivu kidogo, ingawa wataalamu bado wanabishana, lakini hakuna unga unaoweza kuinua mguu badala ya mwenye mguu.

Bibi akacheka kidogo, kwa shingo upande. Alikiri kwamba alitaka kopo limfanyie kazi yake. Wakapatana: mazoezi kila siku, lakini Jumatano na Jumamosi Bibi atajihesabia mwenyewe, na Khadidja atakwenda kucheza. Baada ya miezi miwili maumivu hayakuwa yamekwisha, ila Bibi aliweza kutembea mpaka soko la Ruvumera na kurudi bila kushikwa mkono.

Lakini maneno ambayo Khadidja hakuyasahau, Bibi aliyasema jioni ileile, wageni walipokwisha kuondoka.

"Mi nilikunywa bila kujua, na Mungu anajua hivyo," alisema. "We ulijua. Ukichoka na mimi, niambie umechoka. Nitakasirika, halafu itapita. Lakini mtu asiyejua kusoma akikupa karatasi, amekupa macho yake, mjukuu wangu. Msomee kilichoandikwa, hata kama hukipendi."