Nyuma ya Pazia la Fundi

Mteja akishaingia nyuma ya pazia, Fundi huilaza simu yake kifudifudi juu ya meza ya kukatia. Hakufundishwa na mtu. Aliona tu kwamba mwanamke anayevua gauni hapendi kutazamwa, hata na simu. Asubuhi hiyo aliilaza vivyo hivyo, akaingia kupima, akatoka kuchukua chaki. Akaikuta simu imesimama, imeegemezwa kwenye mkasi, kioo kinawaka, na kamera yake ya nyuma ikielekea pazia.

Akajiambia ni feni iliyoigeuza. Mtu hutafuta sababu iliyo karibu, na feni ilikuwa karibu.

Mtaani walimwita kaburi, na kwa fundi wa nguo hiyo ni sifa. Futi kamba haidanganywi: inamjua aliyekonda kwa maradhi na mwenye mimba ambaye bado hajamwambia mama yake. Yote hayo Fundi aliyameza. Kubwa kuliko yote lilikuwa la Mwalimu, jirani na rafiki yake wa miaka. Hospitali walimwondoa titi la kushoto, na ndugu zake wenyewe waliambiwa ametolewa kivimbe. Zaidi ya madaktari, aliyejua ni Fundi peke yake, maana ndiye aliyemshonea sponji ndani ya kila gauni.

Sasa, wiki moja kabla ya simu kugeuka, Fundi alikuwa akitafuta mishono ya mikono mtandaoni. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini na hapokei simu. Tangazo likaruka katikati ya kioo: *Jua anachofanya mumeo sasa hivi.* Fundi aliguna. Kisha akabonyeza. Likaomba ruhusa ya kusikiliza, ya kupiga picha, ya kuona majina ya watu wake, naye akabonyeza nakubali, nakubali, nakubali, kama mtu anayeitikia amina huku akiwaza mengine. Hakikufunguka kitu. Aliona aibu, akaifuta simu kwa upindo wa gauni lake, utadhani kuna uchafu. Jioni mume akapiga: lori lilikuwa limeharibika mahali pasipo na mtandao.

Baada ya hapo ikaja harufu ya uzi unaoungua, na pasi ni ya baridi. Pete za pazia zikawa zinateleza taratibu kwenye fimbo yake wakati hakuna mkono uliozigusa. Halafu, siku moja mchana, Mwalimu akaja moja kwa moja kutoka shuleni, akafunga mlango nyuma yake.

"Dada, ile sauti ni yako," alinong'ona.

Ilitoka kwenye simu ya mwalimu mwenzake, katika ofisi ya walimu, katikati ya tangazo la sabuni. Sauti ya Fundi ilisema wazi kwamba upande wa kushoto ataongeza sponji na hakuna atakayejua. Ikataja na jina. Walimu wote wakainamia madaftari yao.

"Sijamwambia mtu," Fundi alisema.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza."

Afadhali angemtukana. Fundi alijisikia vibaya hadi akashindwa kumtazama usoni.

Kijana anayetengeneza simu aliikagua, akasema kuna programu ya kijasusi iliyoingia kupitia tangazo. Inasikiliza, inapiga picha na kupeleka kwa watu wasiojulikana. Aliuliza ni tangazo gani, ajue pa kuanzia. Mwalimu alikuwa amesimama pale pale. Fundi akasema ni la vitambaa. Simu ikafutwa yote, ikarudi kama mpya.

Lakini kesho yake mchana umeme ulikatika, cherehani ya jirani ikanyamaza, na katika ule ukimya Fundi akasikia mtu anavuta pumzi nyuma ya pazia, polepole, kama mteja anayebana tumbo ili kiuno kionekane chembamba, kisha akasikia sauti yake mwenyewe, ile laini anayowatulizia wenye haya, ikisema pumua dada, usijibane, tupo wawili tu, na pete za pazia zikaanza kuteleza moja baada ya nyingine hadi pazia likawa wazi, na ndani hapakuwa na kitu ila kioo kikubwa cha ukutani kilichofunikwa mvuke wa pumzi.

Mwalimu ndiye aliyempeleka kwa mganga. Alimshika mkono njia nzima.

Mganga alikuwa mama mnene asiye na maneno mengi. Aliitumbukiza simu kwenye beseni la maji, akamgeukia Fundi.

"Jini haingii pasipo kukaribishwa. Wewe ulimkaribisha kwa neno gani? Liseme kama lilivyokuwa, mbele ya huyu uliyemponza."

Mkono wa Mwalimu ulikuwa bado umeushika wake. Fundi alilifikiria lile neno, akamfikiria na mumewe kando ya lori bovu.

"Vitambaa," alisema. "Vitambaa vya bei nafuu."

"Ndilo hilo?"

"Ndilo."

Mganga akaendelea na kazi yake. Simu ilipondwapondwa. Harufu ikakatika, na wote wawili wakarudi nyumbani wakicheka kidogo njiani.

Jumamosi Mwalimu alileta kitambaa cha gauni jipya. Alisema safari hii hataki sponji. Wameshajua, na amechoka kujificha. Fundi akapiga magoti nyuma ya pazia, pini mdomoni, akazungusha futi kamba kifuani mwa rafiki yake. Dukani hapakuwa na simu hata moja.

Uzi ukanukia kuungua. Pete zikateleza. Kutoka upande wa pili wa pazia sauti ya Fundi ikaongea, laini, bila haraka.

"Jua anachofanya mumeo sasa hivi. Nakubali. Nakubali. Nakubali." Ikacheka kwa chini. "Vitambaa vya bei nafuu."

Mwalimu alimtazama Fundi pale chini. Alinyoosha mkono, akachukua gauni lake la zamani, lile lenye sponji, akaanza kulivaa.

Fundi alikuwa bado na pini mdomoni. Hakuzitoa.