Doa Jeupe Ziwani Duluti

Wapiga mbizi waliilaza mifupa ya Elirehema juu ya turubai, pale pale njiani, mita chache kutoka Ziwa Duluti. Mnyororo wenye nanga ulikuwa bado umezunguka kiunoni. Mkewe, Sabina, aliutambua mkanda, akakaa chini kwenye udongo mbichi.

"Mwaka mzima namtukana," alisema. "Nikijua yuko Mererani na mwanamke mwingine. Si ndivyo ulivyoniambia, shemeji?"

Sadoki, mdogo wa marehemu na mwendesha boti ya wapimaji wa sakafu ya ziwa, aligeuka akaanza kukunja kamba ya boti.

Inspekta Naisiae alimwachia Sabina leso yake, akamwendea Salwa, mtaalamu wa upimaji.

"Nionyeshe tena, mdogo wangu."

Salwa alifungua kompyuta. Mashine iliyofungwa chini ya boti ilituma milio majini. Kila mlio ulipogonga sakafu ya ziwa ulirudi, na mirudio hiyo ndiyo iliyochora ramani. Boti ilikwenda na kurudi kwa mistari iliyonyooka, kama mtu anayelima matuta. Isipokuwa mahali pamoja. Hapo kila mstari ulijipinda, ukaacha doa jeupe.

"Sadoki alisema kuna magugu," Salwa alinong'ona. "Jana alipokwenda kanisani, nikapita hapo mwenyewe, nikaona umbo refu."

Naisiae alimwita Sadoki kwenye kibanda cha makasia.

"Magugu gani yanaota kwenye kina kile?"

"Hakuna, afande."

"Ungenyoosha boti, Salwa angedhani ameona gogo. Doa lile ndilo lililomtia shaka. Ulishindwa nini?"

"Kumpita kichwani. Ni kaka yangu, afande. Nitamrukaje?"

"Lakini ulimuua."

"Nilimpiga kasia. Mara moja tu."

"Kwa nini?"

"Alikodisha shamba la nyumbani. Trekta likapita juu ya kaburi la mama. Tulikuwa tunavua, nikamuuliza. Akacheka. Akasema mama amelala, hasikii trekta." Sadoki alitazama viganja vyake. "Angesema pole tu. Tungerudi nyumbani, tukale."

"Na nanga?"

"Niliogopa ataelea, Sabina amwone."

Naisiae alimfunga pingu taratibu, kama anayefunga kidonda. Walipotoka, Sabina aliinua uso. Alikuwa amesikia yote.

"Shemeji, ungeniambia amekufa. Ningemlilia."



Gari la polisi lilikuwa upande wa pili wa turubai. Konstebo aliyetangulia alivuka pembe ya turubai kwa hatua moja ndefu, akageuka kuwasubiri. Sadoki alisimama.

"Afande, naomba tuzunguke."

Pembeni palikuwa na tope la kufika magotini. Inspekta alimtazama Sabina, kisha akainama, akakunja suruali yake ya sare, akatangulia kuingia topeni.