Mashine Chini ya Kitambaa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule mjini Kasese, Sylivia aliwasha sigiri, akachemsha chai, kisha akaenda kumwamsha baba yake. Kazi ilikuwa hapo. Yosamu alikuwa analala mapema kama kuku, lakini aliamka na macho mekundu na kichwa kinamgonga, kama mtu aliyebeba magunia usiku kucha.

"Baba, jana uliivaa?"

"Niletee chai."

Mashine yenyewe ilikaa sebuleni juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cheupe alichofuma marehemu mama yake Sylivia. Wageni wakija, Yosamu aliifunua waione, kisha akaifunika tena. Daktari alikuwa amemweleza kwamba akiwa usingizini koo lake hujifunga na pumzi hukatika. Mwili hushtuka kutafuta hewa, tena na tena, kwa hiyo hata akilala hapumziki. Mashine ilikuwa ya kumsukumia hewa puani. Dereva wa lori asiyepumzika usiku, daktari alisema, atalala barabarani.

Yosamu aliijaribu kidogo tu. Kifuniko chake cha usoni kilimbana pua. Tena Baker, utingo wake, alipomkuta amekivaa, alicheka mpaka akakaa chini. "Muzee, unafanana na ndovu wa mbugani. Watalii watakuja kukupiga picha."

Lakini kicheko cha Baker hakikuwa sababu kubwa. Mke wa Yosamu alifia katika hospitali ile ile iliyompa mashine, akijifungua, umeme umekatika na jenereta haina mafuta. Wakubwa wakasema watachunguza. Mpaka leo wanachunguza. Mtu wa chini akifa, wakubwa huandika, na wakimaliza kuandika huenda kula.

"Walimwacha mama yako afe," Yosamu alizoea kusema, "leo ndio waijali pumzi yangu?"

Siku ya kurudi kliniki alimwonya binti yake njiani. "Sista akikuuliza, sema ninaivaa. Wakijua siivai watanikataza kuendesha. Tutakula nini?"

Sista Vasta, muuguzi wa kliniki, aliuliza kweli. "Sylivia, baba anaivaa mashine?"

"Ndiyo, Sista. Kila siku."

"Vizuri. Basi aendelee na kazi yake."

Likizo ilipoanza, Sylivia alipanda lori pamoja na baba yake na Baker kupeleka chumvi ya Katwe sokoni Bwera. Jua lilikuwa kali. Walipopita Kisinga, mazungumzo yakaisha. Lori likaanza kuhama barabara polepole, kama ng'ombe anayefuata majani. Sylivia akamgeukia baba yake. Macho yalikuwa nusu wazi, naye anakoroma.

"Baba!"

Baker alirukia usukani. Lori likapita juu ya kibanda cha nyanya, likasimama mtaroni. Muuzaji, mama aliyeitwa Tabisa, alikuwa ameinuka wakati ule ule kumfunga mtoto wake mgongoni. Kigoda alichokuwa amekalia kilikuwa chini ya gurudumu.

Watu wakajaa. Yosamu akashuka, mdomo ukiwa tayari. "Mnaona barabara hii? Wamekula pesa ya lami. Mashimo yatatumaliza."

Wengine wakaitikia, maana wizi wa pesa za barabara haukuwa siri kwa mtu.

Tabisa hakuitikia. "Shimo iko wapi hapa, muzee? Nionyeshe."

Yosamu akatazama barabara. Hapo hapakuwa na shimo.

"Baba alilala," Sylivia alisema kwa sauti ndogo. "Ana mashine ya kumsaidia usiku, haivai. Na mimi nilimdanganya Sista kwamba anaivaa."

Yosamu aliinua mkono. Kisha akakiona kile kigoda, na mkono ukashuka wenyewe.

"Mutoto amesema," Tabisa alisema. "Sasa sema na wewe."

"Nililala," alisema Yosamu.

Alimwachia Baker lori, akapanda bodaboda na binti yake mpaka hospitali. Sylivia ndiye aliyeanza. "Nilikudanganya, Sista."

"Ulinidanganya," alisema Vasta, "nami nikakubali upesi, kwa sababu nilipenda iwe kweli." Akamgeukia baba. "Kwa nini huivai?"

"Mlimwacha mke wangu gizani."

Vasta hakubisha. "Tulimwacha. Nilikuwepo, nimeshika tochi. Aliyepaswa kununua mafuta alipandishwa cheo. Lakini Yosamu, usipoivaa, mkubwa yule hakosi usingizi. Anayeumia ni mtoto huyu, na yule mama wa nyanya."

Alimpa kifuniko kidogo zaidi. Akamwagiza akizoee kwanza mchana, ameketi anasikiliza redio. Na asishike usukani mpaka yeye mwenyewe amruhusu. Baadaye pia, umeme ukikatika usiku, kesho yake asiendeshe.

Haikuwa rahisi. Mwenye lori alimpa dereva mwingine kazi kwa muda, na nyumbani wakala mihogo bila mchuzi. Mara nyingi Yosamu alikivua kifuniko na kukitupa, akatukana serikali, kisha akakiokota. Mpaka asubuhi moja, muhula mpya umeanza, Sylivia aliamka akakuta sigiri imewaka na baba yake amechemsha chai, macho yake meupe. Wiki iliyofuata Vasta alimruhusu kurudi kazini.

Asubuhi ya kwanza ya kazi, Yosamu alimwita binti yake.

"Wakubwa walitukosea, na nitasema hivyo mpaka kaburini. Lakini nilikuwa nawaadhibu kwa pumzi yangu mwenyewe, na wao hata habari hawana. Matibabu ni ya mgonjwa, si zawadi kwa aliyemkosea. Mgonjwa akiyaacha, anajiua na kuua wenzake. Na wewe, siku nikikutuma tena udanganye juu ya afya ya mtu, ukatae. Hata kama ni mimi baba yako."

"Ndiyo, baba."

"Sasa nenda shule. Umechelewa."