Nani Anakula Chaji ya Kokuberwa?

Kokuberwa hakuwa mtu wa kuamka na kukaa. Akiamka alifagia uwanja, akafungulia mbuzi, akawasha moto. Siku hizi alikuwa ameongeza kazi moja. Kabla ya hayo yote alichukua simu yake kubwa kutoka kwenye chaja na kutazama namba iliyo juu pembeni.

"Mia," alisema peke yake, akaridhika.

Maneno yalimpa shida kidogo kuyasoma, maana alijifunza akiwa mtu mzima, kwenye darasa la jioni pale kanisani. Namba hazikumpiga chenga. Mtu aliyesimama mbele ya mizani ya kahawa kwa miaka thelathini hadanganywi na namba.

Simu hiyo aliletewa Krismasi na mwanawe Gideon, fundi ujenzi huko Mwanza. Kila siku saa kumi na mbili jioni Gideon alimpigia kwa video. Kokuberwa aliuona uso wa mwanawe, akamuuliza kama amekula, akamuonyesha mbuzi. Ilikuwa dakika kumi tu. Lakini siku yake nzima ilikuwa ikizisubiri dakika hizo.

Sasa, tangu kahawa ianze kuiva, simu ilikuwa haifiki jioni. Asubuhi mia, mchana hamsini, saa kumi ishirini. Saa kumi na mbili ikifika, simu imezima, na mama wa watu amekaa nayo mkononi.

Aliwaza. Mchana yeye haitumii simu. Huiacha mezani, akaenda kibanjani, kwenye migomba na kahawa yake. Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na mkwewe Vero, mke wa Gideon, aliyeolewa mwaka juzi kutoka Kimuli. Vero alikuwa na kitochi, kisimu kile kidogo cha vitufe. Hapo Kokuberwa akafanya hesabu yake, na safari hii mwenye namba zake akakosea. Mwenye kitochi, alijiambia, hakosi kutamani simu kubwa.

Hakumuuliza Vero. Laiti angemuuliza.

Jumatano jumuiya yao ilisali nyumbani kwa Placidia. Baada ya sala, Placidia akauliza habari za Gideon.

"Wiki nzima sijamuona," alijibu Kokuberwa. "Nikiwa shambani simu inachezewa. Kikulacho ki nguoni mwako."

Placidia akamtazama jirani yao Benadeta. Kisha wote wawili wakamtazama Vero, aliyekuwa ameketi mkeka uleule. Vero aliinamisha kichwa.

Njiani kurudi, Vero alizungumza kwa sauti ya chini.

"Mama, sijawahi kuigusa simu yako. Hata kuifungua sijui inafunguliwaje."

"Vijana gani wasiojua simu?"

"Mimi mmojawapo."

Kokuberwa aliongeza mwendo. Kesho yake asubuhi, chaji ikiwa bado ipo, alimpigia Gideon na kumweleza alivyoona yeye. Haikupita nusu saa kitochi cha Vero kikalia. Kokuberwa hakusikia maneno. Aliona tu mkwewe amesimama kwenye jamvi la kahawa, simu imekwishakatika, lakini bado ameishikilia sikioni.

Jioni hiyo Vero aliandaa ndizi na maharage kama kawaida. Alinawisha mikono ya mama mkwe, kisha akasema, "Jumatatu nitakwenda kwetu Kimuli. Siwezi kukaa mahali ninapoitwa mwizi."

"Mimi sikukuita mwizi."

"Waliokuwepo wamesikia hivyo, mama. Na mume wangu amesikia hivyo."

Kokuberwa alisogeza sahani pembeni. Ukweli ni kwamba alimpenda msichana huyu. Lakini alikuwa na kiburi cha watu wa kwao, na kiburi kilimwambia kwamba atafute ushahidi kwanza.

Ijumaa aliutafuta. Simu ikiwa na mia kamili, aliitia kwenye kikapu chenye mfuniko. Akakizungushia kamba kavu ya mgomba, akafunga fundo ambalo bibi yake alimfundisha la kufungia mizigo ya nyasi. Fundo hilo, akilifungua mwingine, hawezi kulirudisha lilivyokuwa. Kikapu akakitundika kwenye boriti, akaenda kuchuma kahawa.

Alirudi saa kumi jioni. Vero alikuwa nje akigeuza kahawa juani. Kokuberwa aliingia ndani, akakishusha kikapu, akalichunguza fundo. Lilikuwa vilevile, halijaguswa na kidole cha mtu. Akalifungua na kutazama namba.

Ishirini na mbili.

Aliketi chini. Na tuseme ukweli wote: kwa kitambo alitamani fundo lile liwe limevurugwa. Ingekuwa rahisi kwake. Sasa chaji imeliwa, mlaji hayupo nje ya kikapu, na maneno ameshayasema mbele ya watu.

Jumamosi akaenda senta ya Nyaishozi, dukani kwa Najat. Najat aliuza vocha na simu, na simu zilizoharibika alizitengeneza mwenyewe. Babu yake alikuja zamani kutoka Pangani na biashara ya nguo, na wajukuu wakabaki.

"Shikamoo mama. Karibu ukae."

"Marahaba mwanangu. Nina swali, usinicheke. Simu yaweza kula chaji yenyewe, bila mtu kuigusa?"

"Yaweza sana. Hebu tuitazame." Kokuberwa akamnyooshea simu, lakini Najat hakuipokea. "Ishike wewe, nami nikuelekeze. Simu ina pesa zako na siri zako, usizoee kumwachia kila fundi. Gusa hiyo alama ya gurudumu la meno. Hiyo ndiyo Mipangilio."

Kokuberwa akagusa.

"Shuka taratibu mpaka uone neno Betri. Iguse. Sasa gusa Matumizi ya betri. Hapo simu inakutajia kila kilichokula chaji na kiasi chake. Nisomee."

Kokuberwa alisogeza simu karibu na macho. "Skrini, tisa. Huyu wa kwanza kabisa ana hamsini na nane. Jina lake refu. Programu... zinazo... zinazofunguka papo hapo." Akainua uso. "Huyu ni nani? Mimi sikumuweka."

"Hukumuweka. Alikuja na simu kutoka kiwandani. Ni kama umenunua nyumba ukamkuta mpangaji ndani."

"Na anafanya kazi gani?"

"Kazi yake si mbaya. Ukitaka kujaribu mchezo, au kuchungulia duka la mtandaoni, huna haja ya kupakua programu nzima. Huduma hii inakufungulia kipande chake papo hapo. Ukimaliza, inatakiwa itulie. Simu nyingi hata ukiitafuta kwenye orodha hii huioni, au unaikuta imekula asilimia moja. Yako imekataa kutulia. Huwa unafungua michezo?"

"Mimi, na mvi hizi?"

"Basi vuta chini kutoka juu ya skrini. Tuone matangazo yake."

Likashuka pazia la taarifa. Juu kabisa palikuwa na picha ya matunda yanayorukaruka na maneno: Karibu, gusa hapa ucheze sasa.

Kokuberwa aliyanyooshea kidole yale matunda. "Huyu namfahamu," alisema. "Huja kila asubuhi. Ananikaribisha, nami namgusa."

"Kwa nini unamgusa?"

"Ananiita. Sisi tulilelewa kwamba mtu akibisha kwenye uzio unaitika, hata kama humjui. Kumnyamazia mtu ni vibaya."

Najat alitabasamu, lakini hakumcheka. "Adabu hiyo ni nzuri, mama, ila iweke kwa watu. Huyu anabisha kwa watu milioni kwa siku moja, na hamjui hata mmoja. Ujumbe usiotoka kwa mtu unayemfahamu, usogeze pembeni kwa kidole, uondoke. Wewe ukiitika, mchezo unafunguka. Kisha unaiweka simu mezani, unakwenda zako shambani. Kioo kinazima, lakini ndani kazi inaendelea. Inavuta picha, inavuta matangazo. Na huko kwenu migombani mtandao ni wa shida, kwa hiyo simu inatumia nguvu zaidi kuutafuta. Data huwa unazima?"

"Kumbe inazimwa?"

"Inazimwa. Nitakuonyesha."

Kokuberwa aliitazama ile namba hamsini na nane. "Kwa hiyo hakuna mtu aliyeichezea."

"Mchezaji ulikuwa wewe, bila kujua. Nisamehe kwa kusema hivyo."

"Hapana. Sema. Nataka kusikia."

Najat akamwambia aguse lile jina refu. Ukurasa mwingine ukafunguka. "Programu uliyoiweka mwenyewe ina neno Sanidua, maana yake kuiondoa kabisa. Hii imetoka kiwandani, kwa hiyo neno hilo halipo. Lakini unaona Zima?"

"Naliona." Kidole kikasita hewani. "Nikizima, Gideon atanipata?"

"Atakupata. Kupiga, kupokea, video, pesa, vyote havihitaji huduma hii. Na ukija kuihitaji, unarudi hapahapa unaiwasha."

Kokuberwa akabonyeza. Simu ikauliza kama ana hakika, naye akakubali.

"Simu zinatofautiana," Najat aliendelea. "Nyingine hazina Zima. Hapo unaizuia tu isifanye kazi chinichini, nayo inatosha."

"Basi na hawa wengine kwenye orodha niwazime."

"Usithubutu, mama. Wengine ndio wanaoendesha simu yenyewe. Jina usilolijua, uliza kwanza. Na akija mtu kukwambia uweke programu ya kuokoa betri, mwambie asante na uachane nayo. Nyingi zinakula kuliko zinavyookoa. Sasa kesho angalia namba zako. Zikiendelea kuanguka, basi betri yenyewe imechoka, uniletee niipime."

Kisha akamuonyesha kitufe cha data. "Usiku na ukienda shambani, zima. Ukikaribia muda wa mwanao, washa."

Njiani Kokuberwa alitembea polepole. Kuizima huduma ile kulimchukua dakika moja. Maneno ya Jumatano hayakuwa na kitufe cha kuyazima. Ulimi wake ndio ulioyatoa mbele ya watu, na ulimi huohuo ilibidi uyarudishe mbele ya watu haohao. Aliona aibu, na aibu ilimtia joto usoni kama mtu aliyeinamia jiko. Kabla ya kufika kwake alipita kwa Placidia, kisha kwa Benadeta. Akawaomba wafike nyumbani kesho jioni, saa kumi na mbili kasoro.

Jumapili alizima data, akaiacha simu mezani tangu asubuhi, akaenda kanisani. Alirudi akaikuta na tisini na sita. Alasiri tisini na tatu. Namba zilikuwa nzuri, lakini moyo wake haukutulia, kwa kuwa chumbani kwa Vero begi lilikuwa limeshafungwa.

Wageni walifika, wakaketi. Kokuberwa akamwita Vero. Vero alikuja, akasimama mlangoni, akakataa kiti.

"Jumatano nilisema simu yangu inachezewa," Kokuberwa alianza. "Nilisema mbele yenu, huyu mtoto akiwepo. Nilimsingizia. Simu ilikuwa inajimaliza yenyewe, na aliyeianzisha ni mimi kwa vidole vyangu. Vero hajaigusa hata siku moja."

Placidia aliguna. Benadeta alitazama chini.

"Vero, mwanangu, nimekukosea. Naomba unisamehe."

Macho ya Vero yalikuwa yamejaa machozi, lakini sauti haikutetemeka. "Mama, nimekusikia. Lakini aliyenitukana kwa ajili ya maneno hayo bado hajasikia."

Kokuberwa hakutafuta kujitetea. Aliwasha data, akaweka simu kwenye meza, katikati yao. Saa kumi na mbili Gideon akapiga, na uso wake ukajaa kwenye kioo.

"Mama, leo unapatikana," alisema akicheka.

"Napatikana. Usicheke kwanza. Mkeo nilimsingizia, mwanangu. Nimekiri mbele ya Placidia na Benadeta, na sasa nakiri mbele yako. Uliyomwambia, ulimwambia kwa sababu ya uongo wangu."

Kicheko kikafutika usoni mwa Gideon. Kisha akasema, "Mama, mpe simu."

Kokuberwa akaichukua simu yake kubwa, ile aliyoifungia kikapuni kwa fundo la bibi yake, akaiweka mikononi mwa Vero. Akawaashiria wenzake, wakatoka nje. Akavuta mkungu, akaanza kumenya ndizi za usiku, kazi ambayo hakuwa ameifanya tangu mkwe aingie nyumba ile.

Dakika kumi zikapita, kisha ishirini. Hakuna aliyeuliza wanasema nini ndani.

"Na yangu pia inakufa mchana," Placidia alinong'ona, akitoa simu kwenye kanga. "Umesema unagusa wapi?"

"Subiri," alisema Kokuberwa. "Mimi nitakuelekeza, lakini kwa kusoma nasuasua. Mwenye kusoma vizuri yupo ndani, kama atakubali kutusomea."

Vero alitoka akiwa amefuta uso. Alimrudishia mama mkwe simu kwa mikono miwili. Akalitazama rundo la ndizi, zilizomenywa vibaya, zimeachwa maganda huku na huku.

"Mama, kesho sisafiri," alisema. "Nipe hicho kisu. Kisha sogea kidogo nikae, niisome hiyo simu ya mama Placidia."