Jicho la Kushoto la Ankita

Kila asubuhi Ankita alikunywa chai huku nyanyake, ambaye wote nyumbani walimwita Ba, akimsuka nywele. Kisha alitoka na rafiki yake Chelagat kwenda shuleni, mjini Nakuru. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, mwenye mdomo usiopumzika. Lakini muhula wa pili wa mwaka 2007 kulikuwa na jambo moja ambalo mdomo huo haukulisema nyumbani: jicho lake la kushoto liliona ukungu.

Aliogopa. Ba hakuruhusu mtoto mgonjwa acheze dandia, ngoma ya fimbo ya sikukuu ya Navaratri, na mwaka huo Ankita alikuwa amepewa nafasi katika mstari wa mbele. Basi wauguzi walipokuja shuleni kupima macho, alijipanga nyuma kabisa. Aliwasikiliza wenzake wakisoma herufi za ukutani, akazikariri. Zamu yake ilipofika alizitaja zote, na muuguzi, maskini, akamsifu bila kujua amedanganywa.

"Si uliniambia jicho moja halioni ubao?" Chelagat alimwuliza walipotoka.

"Wacha hiyo story. Niko sawa."

Oktoba ikafika, na Navaratri nayo. Ukumbini, kila mwenzake alipotokea kushoto, fimbo ya Ankita ilipiga hewa. Mara ya mwisho ilipiga vidole vya binamu yake, damu ikatoka, na ngoma ikasimama. Ankita alilia kwa aibu, kisha akamweleza baba yake, Gopal, ukweli wote.

Daktari Khaemba, daktari wa macho, aliagiza picha za kichwa. Zilionyesha uvimbe mdogo kama njugu nyuma ya jicho, ukiibana neva ya kuonea. Kupasua mahali hapo kulikuwa hatari. Gopal aliuza lori lake, wakasafiri pamoja na Ba hadi hospitali moja ng'ambo. Huko kulikuwa na mashine yenye mkono mrefu wa chuma, inayochoma uvimbe kwa miale kutoka pande nyingi bila kisu.

"Inaweza kukosea kiasi gani?" Gopal aliuliza.

"Chini ya milimita moja," fundi wa mashine alijibu. "Inapiga picha ikiendelea na kazi, na kichwa kikisogea kidogo, mkono unajirekebisha. Lakini kikipinda sana, tunasimamisha."

Ankita alitengenezewa kinyago cha plastiki cha kushikilia kichwa, nywele zake zikiwa zimeachiliwa. Siku ya tiba, Ba alimsuka kisuko kinene kisogoni, kwani kwake haikufaa mjukuu aende mbele ya madaktari nywele zikiwa timutimu.

"Kinyago kimekaa vizuri?" fundi aliuliza.

Ba alimkazia macho mjukuu wake asiwasumbue madaktari. Neno "niko sawa" lilikuwa tayari mdomoni mwa Ankita. Akalimeza.

"Hapana. Kinanibana upande mmoja. Nywele hazikuwa hivi siku ile."

Kisuko kikafumuliwa. Ba alinuna, lakini kinyago kikakaa sawasawa, na picha zikaonyesha kichwa kiko mahali pake. Mkono wa chuma ukaanza kumzunguka polepole. Ankita alilala peke yake chumbani, akiogopa sana.

Katikati ya mwaka 2008, Daktari Khaemba alitazama picha mpya.

"Uvimbe umeacha kukua," alisema. "Jicho la kulia liko salama. La kushoto halitaona tena."

Ankita aliligusa jicho hilo. "Daktari, kama ningesema ukweli siku ile shuleni?"

Gopal aliinamisha kichwa. Daktari angeweza kumdanganya ili kumfariji, lakini hakufanya hivyo.

"Huenda tungeliokoa," alisema. "Ile mashine inalenga vizuri sana, Ankita, lakini lazima kwanza tujue kuna ugonjwa. Mwenye kutuambia ni mgonjwa. Ukiumwa, sema mapema, hata kama utakosa ngoma."

Ankita akalia, kwa macho yote mawili, na hakuna aliyemwambia anyamaze.